Kuitetea Motokaa Nyepesi

Wako wasomi wenzetu ambao, waonapo motokaa ndogo ya viti viwili ikipita katika barabara za Dodoma, hutikisa vichwa na kusema kwamba huo ni mchezo wa vijana wa Ulaya uliopotea njia ukafika Ugogo. Huiita anasa, huiita wazimu. Kisha huingia katika gari la tani mbili na nusu, wakiwa peke yao na mkoba, wakaenda kunywa chai mwendo wa kilomita mbili. Nataka kuijibu shutuma hiyo, kwa kuwa imemwangukia asiye na hatia na kumwacha mwenye hatia aendelee na safari yake.

Husimuliwa kwamba jina la Dodoma latokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, na kwamba aliyezama alikuwa tembo aliyekuja kunywa maji akakwama topeni. Siapi kwamba kisa ni cha kweli. Lakini mji ulioitwa kwa msiba wa mnyama aliyeshindwa na uzito wake ungalipasa kuwa wa mwisho kuutukuza uzito. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa wingi mwaka 2016, yamejaa magari ambayo watu wa mitaani huyaita mashangingi. Jina hilo si la heshima, wala waliolitoa hawakukosea.

Wasemao kwamba wepesi ni jambo la kigeni hawaijui historia ya barabara zao wenyewe. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika katika msimu wa mvua, juu ya njia za vumbi ambazo kwa saa moja ya mvua hugeuka uji. Volkswagen, yenye injini ya sentimita 1,200 za ujazo na uzito usiofika kilo 800, ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957. Sitaficha kwamba Mercedes, iliyo nzito kuliko hiyo, ilitwaa ushindi miaka mitatu mfululizo, 1959 hadi 1961. Lakini mwaka 1962 Volkswagen ikarudi na kuchukua kilicho chake. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84 zikafika 7 tu. Anayetaka kujua tope letu hufanya nini na ashike hesabu hiyo. Kisha ikaja Datsun 240Z, motokaa ya michezo hasa, ya viti viwili, yenye uzito wa kiasi cha tani moja ilipotoka kiwandani. Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kulingana adhabu sawasawa na Harry Källström. Mwaka uliofuata Joginder Singh wa Kenya, katika Mitsubishi Lancer ndogo, aliishinda Porsche iliyoendeshwa na Björn Waldegård. Je, hayo ni mambo ya Ulaya?

Sababu yake haina uchawi. Gari zito huhitaji injini kubwa ili liondoke, breki kubwa ili lisimame, na springi ngumu ili lisijipinde. Na kila kimoja cha hivyo huongeza uzito mwingine. Gari jepesi hukata mnyororo huo penye pete ya kwanza. Colin Chapman wa Lotus alilifahamu jambo hili, na Elan yake ya mwaka 1962 haikuzidi sana kilo 700. Mazda walifuata njia iyo hiyo katika MX-5 ya mwaka 1989, na kufikia mwaka 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja. Watu milioni moja hawadanganyiki kwa muda wa miaka 27.

Waama, kosa kubwa la wapinzani wangu ni kudhani kwamba mapenzi ya motokaa nyepesi ni mapenzi ya mwendo mkali. Ni kinyume chake. Katika barabara ya Dodoma kwenda Babati, kilomita 251 za lami iliyokamilika mwaka 2018, mwenye shangingi hukaa juu kama mfalme katika machela. Vioo vimefungwa, ubaridi unavuma, na kilomita 120 kwa saa humjia kama 60. Haisikii barabara, huitazama tu. Mwenye motokaa nyepesi hukaa chini, karibu na ardhi, na usukani humweleza kila chembe ya mchanga. Kwenye kona za milimani baada ya Kondoa, kilomita 70 humtosheleza, kwa kuwa kila moja ameihisi. Aonapo kibao cha 50 na ng'ombe wakivuka, hupunguza kwa sababu ameshaona. Wala hangoji kuogopeshwa na tochi ya askari.

Hapo huletwa hoja ya usalama: kwamba mkubwa akigongana na mdogo, mdogo ndiye afaye. Ni kweli, na sitaikwepa. Lakini itazameni hoja hiyo vizuri. Yasema, jilinde kwa kuwa hatari kwa mwenzio. Tani mbili na nusu hubeba nguvu ya mgongano mara mbili na nusu ya tani moja kwa mwendo ule ule, na nguvu hiyo haichagui. Mwenye baiskeli wa Chamwino na mtoto atokaye shule pembezoni mwa lami, wao wanunue gari gani?

Sisemi mganga wa wilaya aende Mpwapwa wakati wa masika katika motokaa ya viti viwili. Huyo apewe gari refu la kazi, na ashukuriwe. Wala sikatai kwamba matuta ya barabarani hukwangua matumbo ya motokaa zetu. Langu limekwanguliwa mara nyingi, na kila mara nimeyasikia mbavuni mwangu. Bali yule atokaye ofisini kwenda nyumbani juu ya lami, asituhubirie juu ya anasa. Ushuru wetu hupanda kwa ukubwa wa injini, na kiongozi wa fedha angeweza kumwonyesha katika karatasi ni nani kati yetu mpenda makuu.

Kama bado ana shaka, motokaa yangu ina kiti kimoja kitupu. Jumapili alfajiri naelekea Kondoa.