Kitabu Bora, au Kitabu Kilichouzwa?

Si ajabu siku hizi kupokea kadi ya uzinduzi inayomtaja mwenyeji kuwa "mwandishi wa kitabu bora" kwa sababu tu kitabu chake kiliwahi kushika nafasi ya kwanza katika duka la mtandaoni la Amazon. Aghalabu mwandishi huyo amejichapishia mwenyewe. Hilo halina aibu. Linalotukera ni lile neno "bora".

Istilahi ya Kiingereza inahusu mauzo tu: kitabu kimeuzwa kuliko vingine. Ubora ulikuwa wa kuuza. Watafsiri wetu wameuhamisha, wakauvika kitabu chenyewe. Kosa dogo la kisarufi limezaa sifa ambayo hakuna mhakiki aliyeitoa.

Hata hayo mauzo yenyewe yapaswa kuulizwa maswali. Tuchukue soko la Githurai 45, ambalo wengi wetu twalipita tukielekea Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mama muuza nyanya akidai kuwa ameuza kuliko wote, tutamwuliza: kuliko akina nani, na kwa muda gani? Akijibu kwamba amewashinda jirani zake wawili, kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, tutacheka, ingawa hajasema uongo. Amazon nayo huvigawa vitabu katika maelfu ya makundi madogo madogo, na orodha zake hubadilishwa mara kwa mara mchana na usiku. Mwandishi mwenyewe ndiye apendekezaye kundi. Mnamo 2016 Mmarekani Brent Underwood alipiga picha ya mguu wake, akaifanya kitabu, akakiweka katika kundi lisilo na ushindani. Nakala tatu zilitosha kumpa nafasi ya kwanza.

Kujichapishia hakukuanza na intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David Maillu aliunda kampuni yake jijini Nairobi, Comb Books, akachapisha vitabu vyake mwenyewe. Wahakiki wengi walivibeza, na Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976; wasomaji walivinunua kwa wingi. Nchini Tanzania, marehemu Ben Mtobwa alichapisha riwaya za Kiswahili kupitia kampuni yake, Heko. Tunaweza kubishana hadi usiku kuhusu ubora wa kazi za wawili hao, lakini hatuwezi kukana kwamba walikuwa na wasomaji. (Tena wasomaji wa hiari. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, kilichotahiniwa katika KCSE kuanzia 2013 hadi 2017, kilinunuliwa pia na wanafunzi ambao hawakuwa na budi.)

Twapendekeza basi tuseme "kitabu chenye mauzo ya juu", na anayejinadi hivyo atuambie ni nakala ngapi, wapi, na katika kipindi gani. Mwandishi wa Githurai aliyeuza nakala mia mbili mkono kwa mkono, akilipwa kwa M-Pesa, hana nembo yoyote ya kuonyesha. Hata hivyo, ana watu mia mbili anaoweza kuwauliza kama walifika ukurasa wa mwisho. Chama chetu kingemwalika huyo kwanza, na wanachama wakaja wakiwa wamekwisha kukisoma kitabu chake.