Tani ya Kiyoyozi Si Uzito Wake

Ndugu zangu wa Maskati! Kila joto likikaribia utasikia mtu dukani, "Nipe tani mbili, chumba kipoe haraka." Wengi wetu tunadhani tani ni uzito wa mashine. La, ni kiasi cha joto inachokitoa chumbani: tani 1 ni BTU 12,000 kwa saa, karibu kilowati 3.5. Jina limebaki tangu enzi za kupoza kwa barafu. Ndilo joto la kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24.

Kosa letu, naona mimi, ni kupenda kubwa. Mashine kubwa katika chumba kidogo, hasa isiyo na inveta, hupoza upesi ikazima kabla haijakausha unyevu, na unyevu wa pwani hii mnaujua. Ukuta unaota ukungu, mwenye pumu halali. Ndogo mno nayo hatari, zaidi kwa wazee: tarehe 26 Juni 2018 kule Quriyat joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na mchana. Basi fundi aje apime chumba, atazame dirisha la magharibi na paa, ndipo ataje BTU. Akikutajia tani akiwa bado dukani, nenda duka jengine.