Tumevificha wenyewe

Septemba nilikwenda nyumbani Kang'ata, Handeni, kwenye mahafali ya darasa la saba. Binti wa dada yangu yuko darasa la sita, hakuwa anahitimu, ila alikuwa kwenye kwaya na alinipigia simu mara tatu nisije nikasahau. Kwaya iliimba vizuri. Kisha akasimama mgeni rasmi. Alizingatia itifaki, akaahidi mifuko ya saruji, akawageukia watoto waliokaa chini ya turubai na kuwaambia: "Mjue kusoma, maana wanasema ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye kitabu."

Watu wakacheka. Wazazi walicheka, walimu walicheka, na watoto wakacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Mimi nilitamani kuinuka nikamnyang'anya kipaza sauti.

Kauli hiyo nimeisikia kwenye mahubiri, kwenye semina, redioni, na hata ndani ya basi pale Segera, ikisemwa na mtu aliyekuwa anakula machungwa na kutupa maganda dirishani. Kila anayeisema huisema kama siri ya asili yetu, kana kwamba tumezaliwa na ugonjwa wa kuchukia karatasi. Na kila anayeisema amejitoa kwenye hesabu. Hao Waafrika wasiosoma ni wengine. Sijawahi kumsikia mtu akiisema kisha akataja kitabu cha mwisho alichosoma yeye, sembuse alichompa mtoto.

Nauliza jambo moja tu. Kitabu chenyewe kiko wapi?

Miaka michache iliyopita niliingia shule moja huku kwetu, sitaitaja, nikaomba kuona vitabu vya hadithi. Mwalimu alitafuta ufunguo kwa dakika ishirini. Kabati lilipofunguka, vitabu vya ziada vilikuwa vimepangwa vizuri, vingine bado vimefungwa kwa kamba vilivyokuja nazo. Vilinuka wino, havijaguswa na kidole cha mtoto. Nikauliza kwa nini. "Vitachanika, kaka. Mdhibiti ubora akija nitamwonyesha nini?"

Simlaumu yule mwalimu peke yake. Tumemfundisha kwamba kitabu ni mali ya serikali kama dawati, kinahesabiwa kikiwa kizima. Lakini basi tuseme ukweli kuhusu nani anamficha nani. Tumekificha kitabu kwa kufuli, halafu tunasimama mbele ya mtoto kumcheka kwamba hajui kilichoandikwa ndani.

Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilicho kizima kabatini kimeibiwa.

Wapo watakaoniambia vitabu vya watoto vya Kiswahili havipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kuwezesha vitabu vya watoto viandikwe, vichapishwe na vifikishwe shuleni. Mwaka huo huo Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota. Elieshi Lema ameandika kwa ajili ya watoto kwa miaka mingi. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeweka hata kipengele cha hadithi za watoto. Waandishi wamefanya sehemu yao. Safari ya kitabu inakatika kati ya kabati na mtoto.

Na wapo wanaosema simu ndizo zimewaua wasomaji. Hoja hii ni ya uvivu mtupu. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda kule Kang'ata, pale wanaposubiri abiria wa kwenda machimbo ya Magambazi. Utawakuta wameinamia simu wanasoma! Wanasoma habari za Simba na Yanga mstari kwa mstari, wanasoma mikeka ya kubeti kwa umakini ambao hakuna mwalimu wa hisabati aliyewahi kuupata kwao, na wanasoma hadithi zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp hadi pale panapoandikwa "itaendelea", kisha wanagombana kwa nini imekatwa pale. Huyo ndiye Mwafrika unayeweza kumficha kitu kwa kukiandika?

Kabla ya simu yalikuwepo magazeti. Wenye umri wangu wanakumbuka hadithi za Eric Shigongo zilizotoka kipande kwa kipande kwenye magazeti ya wiki. Basi lilileta nakala chache, na moja ilisomwa na mtaa mzima. Aliyechelewa alisimuliwa. Kaka yangu aliwahi kutembea hadi kijiji cha pili kufuata kipande kilichompita, akarudi usiku. Hakuwa na mtihani wa kufanya, alitaka tu kujua yule msichana amepona au amekufa.

Hapo ndipo mtu anapokuwa msomaji, kwenye hamu ya kujua kilichotokea. Hamu hiyo haiji kwa agizo wala kwa hotuba. Inakuja mwenzako anapokwambia: soma hiki, mimi nimekesha nacho. Mimi hakuna mwalimu aliyenipa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Nilipewa na kijana aliyekuwa akiuza mafuta ya taa, jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo hazipo. Sikujua hata mwandishi ni nani. Miaka baadaye ndipo nikajua ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na kwamba kilichapishwa mwaka 1960. Nilichojua wakati ule ni kwamba kuna mtu anaitwa Bwana Msa, anavuta kiko, anafikiri kabla ya kusema, na kwamba sikuweza kulala.

Lakini leo tumeigeuza hata hadithi kuwa notisi. Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne kuhusu *Takadini* ya Ben Hanson. Atakutajia dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, yote kwa mpangilio. Muulize kama aliogopa Sekai alipotoroka na mtoto wake mwenye ualbino. Atakushangaa, kwa kuwa hajawahi kukishika kitabu, ameshika fotokopi ya uchambuzi. Vivyo hivyo *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada, wanaishia kuokota jalalani, na mtoto wa Handeni aliyewahi kukosa hata kaunta buku anawajua kama "wahusika" wa kukariri. Huku nako ni kuficha.

Na kuna walioficha kwa kulinda maadili. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa sababu ilisema wazi yanayowapata mabinti. Baadaye hiyo hiyo ikafundishwa. Mabinti wa miaka ile ya katikati nani atawarudishia?

Kinachoniuma kuliko vyote ni *Siku Njema*. Mwaka 1996 Mkenya, Ken Walibora, aliandika riwaya ya kijana wa Tanga. Tanga hii yetu! Mama yake kijana ni mwimbaji wa taarabu, anafariki, na kijana anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Vijana wa Kenya wameisoma darasani, wanaikumbuka mpaka leo wakiwa watu wazima wenye watoto wao. Walibora alipofariki Nairobi Aprili 2020, walimlilia kwa kutaja kitabu hicho. Mimi nimewauliza vijana wa Korogwe na Handeni, nimeuliza na walimu. Wengi hawajakisikia. Mkoa uliomzaa Shaaban Robert, aliyeandika *Adili na Nduguze*, kitabu chenye nyani wanaopigwa kila usiku kwa siri ambayo mtoto yeyote angetaka kuijua, unafichwa hata kitabu kinachouhusu wenyewe.

Turudi kwenye mahafali. Kulikuwa na keki ya ghorofa tatu. Kulikuwa na spika za kukodi zilizotetemesha mabati, na kila mzazi alichangishwa sare ya mahafali ambayo mtoto ataivaa siku moja. Zawadi kwa waliofanya vizuri zilikuwa madaftari, beseni na ndoo. Hakuna aliyepewa kitabu. Mwanafunzi wa kwanza, mtoto tuliyekusanyika kumsifu kwa kusoma, aliondoka na ndoo kichwani. Ndipo mgeni rasmi akapanda gari lake, akiwa ameshatuambia tabia ya Mwafrika na vitabu.

Jioni ile nilimpa mpwa wangu nakala yangu ya *Mzimu wa Watu wa Kale*. Sikumwambia kina mafunzo gani. Nilimsimulia mpaka pale maiti inapokutwa mzimuni, nikanyamaza. Akasema, "Halafu, mjomba?" Nikamwambia halafu imo humo.

Baada ya wiki tatu dada akapiga simu, ana aibu. Kitabu changu hakionekani. Nikaomba kuongea na mtoto.

"Shikamoo mjomba. Hakijapotea. Nilimwazima Mwanaidi, Mwanaidi akampa kaka yake, sasa hivi kiko Kwamkono kwa binamu yao. Jalada limetoka lakini." Akanyamaza kidogo. "Mjomba, huyu Bwana Msa ana kingine?"

Nikamtajia *Kisima cha Giningi*. Akaniambia nitaje polepole, anatafuta kalamu.