Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Kajiado kuhusu Sanaa Inayoonyeshwa Ng'ambo

Kwa Mheshimiwa Gavana na Idara inayosimamia utamaduni, Kajiado.

Ngoma na shanga za Wamaasai zimezungushwa duniani kwa miaka mingi, katika filamu, katika matangazo ya utalii na hata katika mitindo ya mavazi, kwani kampuni ya Louis Vuitton ilionyesha mavazi ya kiume ya msimu wa 2012 yaliyochukua mistari na rangi za shuka. Barua hii inaiomba serikali ya kaunti ishike mamlaka ambayo sheria imekwisha kuipa, ili wenye sanaa hiyo wawe na kauli kuhusu namna inavyofikishwa kwa watazamaji wa mbali.

Hasara ya kukosa kauli hiyo huonekana wazi katika adumu, ngoma ya kuruka ya morani. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, huanzisha, na kundi humwitikia kwa mvumo mzito wa koo. Kisha morani mmoja au wawili huingia katikati, wakajinyoosha wima na kuruka bila visigino kugusa ardhi, na kadiri wanavyopaa ndivyo sauti za wenzao zinavyopanda. Ngoma hiyo ina mahali pake katika eunoto, sherehe ya rika la morani kuanza safari ya kuelekea uzee, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2018, pamoja na sherehe nyingine za rika, enkipaata na olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Jukwaani mara nyingi husalia kuruka peke yake: wimbo hukatwa, rika halitajwi, na mtazamaji huondoka akidhani ameona mazoezi ya viungo.

Kenya imewahi kuonja uchungu wa kusemewa. Mwaka 2015, katika Bienale ya Venice, yaani maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika Italia kila baada ya miaka miwili, orodha ya banda la Kenya ilijaa wasanii wa Kichina, hadi wasanii wa nyumbani wakapaza sauti na serikali ikalikana banda hilo. Kinyume chake, Taiwan, ambayo mataifa mengi hayaitambui kama nchi, imeshiriki huko tangu 1995 kupitia Makumbusho ya Sanaa ya Taipei, ingawa haihesabiwi miongoni mwa mabanda rasmi ya mataifa. Kundi la dansi la Taiwan, Cloud Gate, lililoanzishwa na Lin Hwai-min mwaka 1973, limezunguka dunia kwa miondoko iliyojengwa juu ya mazoezi ya kale kama taichi. Waliokosa kiti walitengeneza taasisi ya kuwasemea. Kenya, iliyo na kiti, ilikiacha kikakaliwa na wengine.

Kifungu cha 11 cha Katiba kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kuwa jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na Sheria Nambari 33 ya 2016, inayolinda maarifa ya jadi na matoleo ya kitamaduni, inazipa kaunti jukumu la kuyasajili na kuyahifadhi. Hapa ndipo kazi ilipo. Sajili ya Kajiado na iwe wazi kwa umma, kwa Kimaa na Kiswahili, ikieleza kila ngoma ni ya nani, huchezwa lini, na nani wa kuombwa idhini kabla haijarekodiwa au kupelekwa nje. Wanawake wanaotunga shanga waingizwe kwa majina yao wenyewe wakiridhia, kwa kuwa rangi na mpangilio wa ushanga ni ujuzi wao, hata kama shanga zenyewe kwa muda mrefu zimetoka Jamhuri ya Cheki. Karakana ya Kitengela Glass, iliyoasisiwa na Nani Croze na inayounda vitu kwa kioo kilichokwisha kutumika, inathibitisha kwamba shanga za kioo zinaweza kutengenezwa papa hapa.

Kila kundi linalosafiri lipewe mkataba wa mfano unaomtaka mwandalizi amtaje olaranyani, rika na sherehe inakotoka ngoma, na unaobainisha mgawo wa malipo ya picha na filamu. Bunge la Kaunti linaombwa kutenga fedha za kazi hii katika bajeti ijayo, na uandikishaji uanze na wazee na wanawake wa Maa wenyewe, kila mmoja akisikilizwa katika eneo lake.