Damu ilitoka Congo, dawa pia ibaki Congo

Mwaka 1995, mgonjwa mmoja wa Kikwit alipona Ebola. Kutokana na damu yake, Profesa Muyembe na watafiti wa Marekani walipata dawa ya mAb114. Ilijaribiwa Beni na Butembo, na mwaka 2019 ikaonekana inaokoa wagonjwa wengi, hasa wale waliofika mapema.

Hata hivyo, raia wengi walisema Ebola ni biashara. Wasilaumiwe bure: anayetolewa damu bila kuelezwa inaenda wapi hukosa imani.

Inafaa serikali idai kila utafiti uache mambo matatu: matokeo yaelezwe kwa Kiswahili hadi vijijini, maabara iwe na umeme na wataalamu wanaolipwa, na akiba ya dawa iwekwe hapa hapa. Ebola ikirudi, mgonjwa asingojee ndege.