Gari la Moshi la Nchi ya Barafu

Leo twende kaskazini kabisa mwa Amerika, ambako wakati wa baridi jua huchungulia tu, kisha likatoweka.

Agosti 1896 dhahabu ilionekana katika kijito kimoja cha Klondike, upande wa Kanada. Mwaka uliofuata habari zilienea, na watu wapatao laki moja wakafunga mizigo. Meli ziliwashusha Skagway, pwani ya Alaska, na mbele yao mlima. Polisi wa Kanada waliweka amri kali, nami naiona ilikuwa ya huruma: hapiti mtu asiye na chakula cha mwaka mzima. Pamoja na vyombo, mzigo ulikaribia tani moja! Maskini aliubeba kidogo kidogo, akienda na kurudi njia ile ile. Mwenye fedha alinunua farasi, akampakia kupita kiasi. Katika mapito ya White Pass walikufa farasi kama 3,000, hata pakaitwa Njia ya Farasi Wafu. Huo ulikuwa ukatili mtupu kwa mnyama asiyeweza kusema.

Mei 1898 kazi ya reli ikaanza, mkandarasi akiwa Michael Heney. Iliwapasa kupanda futi 2,865 kwa mwendo wa maili 20 tu. Majabali yalikuwa wima, vibarua wakaning'inizwa kwa kamba ili watoboe mashimo ya baruti. Agosti ikasikika kwamba Atlin kuna dhahabu. Mamia wakaacha kazi, wakaenda zao na makoleo ya kampuni! Waliobaki walipigana na theluji, na Februari 1899 gari la kwanza la abiria likafika kileleni. (Miaka ile ile wenzao walikuwa wakitandika reli toka Mombasa kwenda Kisumu, hao walisumbuliwa na simba wa Tsavo.) Tarehe 29 Julai 1900 njia yote ikakamilika, maili 110 hadi Whitehorse, na kutoka hapo meli za mtoni zilichukua mizigo mpaka Dawson.

Lakini wale maskini wa kwanza reli haikuwafaa. Mwaka 1899 maelfu walikuwa wamekwisha kimbilia Nome, kwenye dhahabu mpya. Waliofaidi ni makampuni yenye mashine kubwa za kuchimbia, zisizobebeka mgongoni.

Mwaka 1982 reli ilisimama. Tangu 1988 inachukua watalii, nao hulipa nauli wapate kuitazama dirishani ile njia ya farasi.