Neno Moja Kwanza

Watoto wangu, hapa kwetu Sanga mtoto akizaliwa na macho yaliyoinama kidogo, uso mpana na ulimi mzito wa kusema, watu huanza kunong'ona. Wengine wasema mama yake amerogwa. Wengine, vibaya zaidi, wasema mtoto mwenyewe ni mchawi. Ni uwongo huo, na sheria ya Kongo ya mwaka 2009 inamwadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi.

Basi ni nini? Mwilini mna chembe zisizohesabika, na ndani ya kila chembe mna nyuzi ndogo mno, ziitwazo kromosomu. Kwa kawaida ni 46. Mtoto huyu anazo 47, kwa sababu nyuzi za namba 21, ambazo kwetu ni mbili, kwake ni tatu. Kwa hiyo waganga husema trisomia 21. Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake waliitangaza habari hiyo mwaka 1959. Haiambukizi. Ukila bukari naye sahani moja hupati kitu, ila labda atakumalizia sombe!

Sasa nitawaambia kosa langu. Mwaka mmoja nilikuwa na mvulana wa namna hiyo darasani. Nilisema, "Toeni daftari, andikeni tarehe, pigeni mstari, nyamazeni." Wote walifanya. Yeye alijilaza chini. Nilidhani ni kichwa kigumu, nikamsimamisha nje juani. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu mama yake alikuja, kikapu cha mihogo kichwani, akaniambia kwa upole, "Bruda, neno moja kwanza. Akilimaliza, neno lingine."

Nikamwambia mtoto, "Toa daftari," nikimwonyesha kwa mkono. Akatoa. Nikamsifu palepale, kisha nikasema neno la pili. Hakujilaza tena, ila siku ile tulipobadili saa ya kuimba bila kumwambia. Hapo nikafahamu: kujilaza kulikuwa kusema kwake. Alisema, "Sijaelewa." Watoto wengi wa hali hii hawasikii vizuri, na karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Nami nilikuwa nimemweka juani!

Wazazi wengine hunung'unika: "Atawachelewesha wetu." Sikubali. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali hailipiwi, nayo haikufunguliwa kwa wenye akili nyepesi tu. Tena, nilipoanza kusema neno moja moja, wengine kumi waliokuwa wakipotea kimya walianza kufuata.

Nanyi watoto, akifanya kichekesho darasani, msicheke. Atarudia kesho ili mcheke tena, na atakayeadhibiwa ni yeye. Akifanya vema, hapo mpigieni makofi. Mkicheza mpira, mpasieni naye.

Mvulana yule tulimpa kazi ya kengele. Hakuchelewa hata siku moja. Mimi nilichelewa mara mbili, nikamkuta ananingojea mlangoni, mikono kiunoni.